Nilimfundisha Asilie

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekunywa dawa, nimekunywa uji, nimetapika uji. Dawa imebaki. Mgongo unauma palepale. Saratani imeingia kwenye mifupa, daktari hakunificha. Aliniandikia morfini ya maji, chupa ndogo, chungu kama nyongo. Majirani wa hapa Kilibula wanapita kuniona wakitoka sokoni. Wanauliza naendeleaje. Nasema nzuri, tunashukuru Mungu. Wanaondoka wakisema mzee yule ni chuma.

Riziki ameniletea maji ya moto ya kuoshea uso. Mjukuu wangu wa kike, miaka kumi na miwili, mtoto wa mwanangu Byamungu. Ana ugonjwa wa SS, selimundu. Damu yake niliichora ubaoni miaka yote niliyofundisha biolojia: chembe za mviringo upande huu, zilizopinda kama mundu upande ule. Zikikwama kwenye mishipa, mifupa inakosa hewa. Nilichora vizuri. Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyeuliza inauma kiasi gani, nami sikuwahi kusema.

Leo anachechemea. Nimemwuliza. Nzuri, Babu.

Baridi hii siipendi.

Jumanne, 4 Machi

Imemkamata. Mapaja, nyonga, kiuno. Shuleni walimrudisha nyumbani saa nne. Mwalimu alisema ni mvivu, hataki kusimama kujibu. Ningekuwa na miguu ya kutembea ningeenda kumjibu mimi.

Amelala kwenye mkeka karibu na jiko la makaa. Mama yake anamkanda kwa kitambaa cha maji moto na kumnywesha maji, kikombe baada ya kikombe. Hiyo ni kazi nzuri. Riziki anaimba polepole nyimbo za kwaya, anasuka nyuzi za gunia, anazifumua, anasuka tena. Byamungu amerudi kutoka kwenye biashara yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, akamtazama, akasema: "Anaimba. Basi si kali." Akaenda kwenye maombi.

Jioni walikuja mashemasi wawili wa kanisa lao kunisalimu. Nikawaonyesha mtoto. Nikasema, mnamwona huyu? Ana maumivu ambayo ninyi mngelala chini, lakini hamtasikia sauti. Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu ni mwanamke kamili." Riziki akatabasamu, midomo imekauka.

Nilijivuna. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Mama Riziki amempeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Mimi nikasema naenda pia. Walinifunga kwa kitenge kwenye mgongo wa motari wa pili, dereva wa pikipiki, kama gunia la mihogo. Motari akanicheka: "Muzee, kaza sana. Hii barabara iko na mashimo sawa meno yako." Nilimtukana kwa Kifaransa. Akafurahi.

Muganga wa zamu ni msichana mdogo, macho yamechoka, watu wamejaa hadi mlangoni. Alimwuliza Riziki, "Unaendelea namna gani?"

"Muzuri, muganga. Na weye?"

Muganga akaandika. Kisha akafanya jambo nililolipenda: akamwambia achague namba, sufuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu kupita yote. Riziki akanitazama mimi kwanza. Akasema, "Mbili."

Mbili! Tukapewa paracetamol, tukaambiwa anywe maji, akae penye joto, turudi akizidi. Tulikuwa nje kabla kiti hakijapata joto.

Njia nzima nilimlaani yule msichana moyoni. Mtoto hawezi kukunja goti, na wewe unaandika mbili. Unaona jasho kwenye mdomo wa juu, unaandika mbili. Nani aliwafundisha hawa?

Jioni Mama Riziki aliinua mto wa mtoto kuufua. Pembe imetafunwa. Sufi inatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuweza kula. Hasira. Nimetafuta wa kumpa. Nimempa muganga, nimempa mwalimu, nimempa mwanangu na mashemasi wake. Imerudi mlangoni kwangu, imekaa.

Alinitazama mimi kwanza.

Sitafika kiangazi. Sina sababu tena ya kujipamba. Basi, iandikwe. Mwaka uliopita mtoto huyu alikuwa analia kama watoto wote wanavyolia. Ukuta wetu ni wa mbao, kitanda changu kiko upande wa pili. Wakati huo ugonjwa wangu ulikuwa unaanza, na kilio chake kiliufungulia mlango. Akilia yeye, nami nataka kulia. Sikutaka. Nikamwita, nikamwambia kwetu watu wa ziwani mtu hatangazi maumivu yake. Mkubwa akikuuliza habari, jibu ni nzuri, hata kama nyumba inaungua. Nikamwambia, ukipitisha shida yako kimya, samaki wangu wa Jumapili ni wako. Akapitisha kimya. Nikampa samaki huyo, mukeke mzima, mbele ya wageni. Nikamwita askari wangu.

Haikuwa malezi. Nilitaka kulala.

Na alijifunza haraka, maana ana akili. Alijifunza kuimba badala ya kulia, kusuka nyuzi badala ya kulia, kusema mbili. Sasa tunamtazama akiimba na kusuka, tunasema haumwi. Nilimfunga mtoto mdomo, kisha nikaudhika kwamba muganga hasikii.

Mchana. Mama Riziki alikwenda kisimani. Mtoto alikuwa anatetemeka, macho wazi, anatazama mabati. Nikachukua chupa yangu. Morfini ninapewa mimi, mzee niliyemaliza safari. Yeye anapewa paracetamol na makofi. Nikamimina kwenye kijiko. Sikupima, sikujua nimemimina kiasi gani. Nilifundisha biolojia. Najua dawa hii hupimwa kwa uzito wa mtu na kwamba ikizidi huzima pumzi. Nilijua, na bado nilikuwa nimeinua kijiko.

Mama Riziki akaingia na bidoni ya maji kichwani.

"Papa! Weye unataka kuniulia mutoto?"

Aliitua bidoni, akaninyang'anya kijiko, akamwaga nje. Chupa akaifunga kwenye kitenge chake. Tangu leo ananipimia yeye. Hakupaza sauti tena. Ningependa angepaza.

Ijumaa, 7 Machi

Ugomvi na Byamungu. Mama Riziki anataka mtoto aende hospitali kubwa. Byamungu anasema tungoje Jumapili, kanisa zima litaweka mikono. Anasema kila kelele tunayopiga ni kutangaza kwamba Mungu ameshindwa. Nikamwambia hajui anachosema. Akaniambia, "Papa, si ni weye ulimufundisha kukaza roho? Leo umegeuka?"

Nimegeuka, ndiyo. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba yeye ni mwoga, anaficha woga wake ndani ya Biblia, na kwamba woga huo aliurithi kwangu. Hilo la mwisho lilimuumiza kuliko la kwanza. Alitoka bila viatu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Sijutii. Nimekasirika mno kujuta.

Riziki alisikia yote. Aliniuliza kupitia mbao kama ni yeye aliyetugombanisha. Watoto wagonjwa wanabeba hilo pia. Mifupa haitoshi, wanabeba na nyumba. Nikasema hapana. Nadhani hakuniamini. Kwa nini aniamini? Mimi ndiye mwalimu wa kusema nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Homa imepanda asubuhi. Anashika kifua upande wa kulia, anapumua kwa vipande. Sikumngoja Byamungu. Mama Riziki aliita motari. Nikafungwa tena kwa kitenge.

Muganga yuleyule. Akauliza lilelile. Namna gani?

"Muzuri, muganga."

Nilitaka kumpiga mtoto kofi. Hasira ilinipanda hadi masikioni, nikafungua mdomo kumgombeza, na nikaona ananitazama. Ananingoja mimi. Askari anangoja amri. Na mimi wakati huo mashimo ya barabara yalikuwa yamenivunja mgongo vipande vipande, nimekaa pale wima, mikono juu ya fimbo, uso wa mtu aliyekuja kupiga picha.

Nikaachia. Sijui neno lingine. Niliachia sauti iliyokuwa ndani tangu mwaka jana. Nililia mbele ya akina mama na watoto wao, mbele ya karani, makamasi yakanitoka. Nikasema, "Muganga, minye niko na tisa. Tisa! Naumwa tangu asubuhi, naumwa kila siku, na kila siku nasema uongo."

Mtoto mmoja wa watu akaanza kulia kunifuata.

Riziki alinitazama kwa mdomo wazi. Kisha, nashuhudia, alicheka. "Babu, uko nalia sawa mbuzi ya Pasaka." Kicheko kilimkata kifuani, uso ukakunjamana, akamshika muganga mkono wa koti.

"Minye ni kumi," alisema. "Tangu siku ile. Siku ile pia ilikuwa kumi."

Muganga aliliweka chini lile daftari. Alimtazama Mama Riziki, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona naye ana hasira. Nzuri. Alimpima homa, alisikiliza kifua, akamsukuma karani kando na kupiga simu hospitali. Dripu ya serumu ikafungwa mkononi. Akaniambia, bila heshima yoyote, na alikuwa na haki: "Muzee, huyu mutoto angekufa na adabu yake."

Nilikuwa bado nalia.

Jumatatu, 10 Machi

Wako hospitali. Mimi niko nyumbani, siwezi tena kupanda kitu. Mama Riziki alikuja kubadilisha nguo akanieleza: kifua kimeingiwa na ugonjwa, wamempa hewa, wamempa dawa ya kuua vijidudu. Daktari alimpima kwenye mizani, akampa morfini ya kipimo chake, na anarudi kumwuliza namba, mara kwa mara. Jana jioni alisema nne. Akalala. Mama yake anasema alilala mdomo wazi, hakutafuna kitu.

Daktari alisema siku mbili zaidi nyumbani na asingetuahidi lolote.

Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimeandika mwenyewe, nimesoma mwenyewe.

Byamungu yuko kule mlangoni pa wodi tangu Jumamosi. Hakwenda kuweka mikono kanisani. Mama Riziki anasema anachota maji tu, anapeleka, anachota tena. Hajanisemesha.

Alhamisi, 13 Machi

Mashemasi walikuja. Naendeleaje? Nikasema vibaya. Walitazamana kama nimetukana. Mmoja akaanza kuniambia habari za Ayubu. Nikamwambia Ayubu alilalamika sura baada ya sura, akasome tena. Waliondoka mapema.

Mgongo ni mbaya sana leo. Kalamu inaanguka. Nina hasira na miaka. Darasa baada ya darasa la watoto waliokaa mbele yangu, na kati yao lazima walikuwepo waliokaa juu ya nyonga kama za Riziki, wakinakili mundu wangu ubaoni. Niliwaambia wakae wima.

Jumapili, 16 Machi

Amerudi nyumbani jana. Amekonda, shingo kama ya kuku. Hakuja kunisalimu. Mama yake alimwambia aje, akasema baadaye. Nimesikia kupitia mbao. Ana haki.

Leo baada ya mvua miguu imemwanza tena, kidogo. Kwanza kimya. Nikasikia anaanza wimbo wa kwaya, nikafumba macho. Kisha wimbo ukakatika na akalia. Kwa sauti, kama mtoto mdogo, akiita mama yake. Jirani alisogea kwenye ua akauliza kuna msiba? Byamungu alikuwa amekaa mlangoni. Nilimsikia akiinuka, nikasubiri amwambie anyamaze.

Alimwambia jirani, "Hapana, mama. Mutoto anaumwa tu." Kisha makaa yakachochewa, maji yakamiminwa kwenye sufuria.

Mama yake alimpa dawa waliyopewa hospitali, kwa kipimo kilichoandikwa. Akaendelea kulia mpaka ilipomshika. Ilichukua muda. Hakuna aliyemhimiza.

Sasa amelala. Mabati yanadondosha matone ya mwisho. Maumivu yangu yamenikaa kiunoni kama mtu mzima. Nimegonga mbao, nikamwita mwanangu kwa jina lake la utotoni. Nikamwambia naumwa sana.

Ameleta kitambaa cha moto. Amekaa kitandani kwangu, ananikanda mgongo. Mkono wake ni mzito na unanuka ndagala. Nimemwambia aushushe kidogo.