Nimelifunga Pori la Baba, Sasa Subira Hafiki Tena

Bi Irene, habari za kazi, naomba uniweke sawa maana jambo hili nimeshindwa kulisema nyumbani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Mpapura, na marehemu baba aliniachia mikorosho pamoja na pori la ekari tisa nyuma yake, na tangu nikiwa mtoto watu walikuwa wakiingia tu humo, siku ya Idi vijana wanakwenda kupunga upepo, walimu wanapeleka wanafunzi kutazama ndege, na sisi kina mama kiangazi tunachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, tunaichemsha palepale kivulini na kula na chumvi huku tunasimuliana mambo ambayo mbele ya waume zetu hatuyasemi, na mwenzangu katika hayo yote alikuwa Subira, tumekua pamoja, tumeolewa mwaka mmoja.

Mwaka jana moto ulitoka porini ukaunguza mikorosho yangu ishirini na mitatu, aliyeuwasha hakujulikana, nikalia sana, kaka yangu Rajabu akaniambia, "Hati ya kimila ina jina lako, zungushia waya," nikaweka seng'enge, geti na kufuli. Wiki ya pili Subira akaja na jembe na kapu lake kama kawaida, akanikuta getini, na sijui nilipatwa na nini, nikamwambia, "Siku hizi kuingia ni kwa ruhusa." Akauliza, "Ruhusa ya nani?" Nikasema, "Yangu." Akanitazama, akasema, "Haya, mama mwenye pori," akageuka akaenda zake taratibu.

Sasa ni miezi kumi na moja. Tukikutana bombani ananisalimia vizuri, kama anavyomsalimia mtendaji wa kata, na hiyo inaniuma kuliko kama angenitukana. Nikienda porini peke yangu ming'oko ipo tele, nachimba, nachemsha, nakula mmoja, mingine naacha, nakaa kusikiliza labda nitamsikia akicheka huko kwenye miti. Natamani kuung'oa waya lakini naogopa moto, na Rajabu anasema watu wataniona sina msimamo. Nifanyeje?

Mwanakombo, Mpapura

Mwanakombo, pole kwa mikorosho. Hofu yako ina sababu. Lakini Subira hakukuchomea kitu, na wewe ulimsimamisha getini kama mshukiwa. Hapo ulikosea, kubali bila kuzunguka. Hati inakulinda usinyang'anywe ardhi. Haikukatazi kukaribisha watu.

Tena seng'enge haizuii moto. Fyeka ukanda mpana kati ya pori na mikorosho, uuweke safi kiangazi chote. Nenda serikali ya kijiji, mkubaliane kwenye mkutano nani anaingia, na moto wa kupikia uwashwe sehemu moja iliyofagiliwa. Geti libaki ukitaka, kufuli toa. Rajabu mshukuru kwa ushauri wake, kisha amua mwenyewe.

Hayo ni ya wiki ijayo. Kesho asubuhi nenda kwa Subira. Usimtume mtu, usipige simu, wala usianze na habari za moto. Mwambie, "Nilikukosea, naomba unisamehe, kule porini bila wewe siwezi kukaa." Akinyamaza, usijitetee. Ukimkuta anachambua kisamvu, kaa chini umsaidie. Na asipokujibu siku hiyo, maliza kisamvu, uage vizuri, kisha rudi tena Ijumaa.