Viazi Nilivyopeleka Arusha

Jumatatu, 5 Julai 1954

Thomasi amekuja leo na barua. Huyu Thomasi karani wa Bwana Shamba, aliyefundishwa kusoma na marehemu mume wangu, sasa anavaa soksi hadi magotini. Shikamoo Mama Mwalimu, shikamoo Mama Mwalimu — mara tatu! Nikajua tu, huyu ana jambo.

Barua inasema kutakuwa na mkutano wa viazi ulaya Arusha, tarehe 13 hadi 15. Wataalamu wanatoka Kenya, wengine Uingereza kabisa. Na mimi, Bibi Lydia wa Nkoaranga, nimealikwa kwa kuwa viazi vyangu ni bora. Niende na kikapu kimoja cha viazi vya shambani kwangu.

Nani amewaambia viazi vyangu ni bora? Mimi sijamwambia mtu.

Halafu nikamwona. Mimi natia chai, yeye yuko shamba la juu, kule linakopakana na msitu. Anatembea kwa hatua ndefu, midomo inacheza. Anahesabu! Nikamwita: Thomasi, unapima nini? Akasema ananyoosha miguu tu, mlima umemchosha. Miguu gani inanyooshwa kwa kuhesabiwa?

Chai alikunywa vikombe viwili.

Jumatano, 7 Julai

Nimekwenda kwa dada Maria kumsomea barua. Yeye ni wa wale waliohamishwa na serikali kutoka Engare Nanyuki ili Wazungu wapate mashamba, miaka mitatu haijatimia. Sasa anaishi kwenye pembe ya kihamba, shamba la migomba la shemeji yake, kajumba kamoja, migomba minane, na kila asubuhi anaambiwa kuku wake wanachafua.

Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka bila furaha. Akasema hata wao walianza kwa kusifiwa. Majani mazuri, maji mazuri, ng'ombe wazuri. Baada ya hapo malori.

Shamba la juu ndilo nililo nalo duniani. Kahawa ni ya shemeji Sumari. Ndizi tunagawana, yaani yeye anagawa na mimi napokea. Lakini shamba la juu mume wangu alinipa akiwa hai, mbele ya mshili, kiongozi wa ukoo, masale yakapandwa kwenye mipaka watu wakiona. Likienda hilo, nitakula kwa mkono wa Sumari mpaka nife. Mkono wake naujua!

Niseme naumwa? Watakuja wenyewe na magari.

Jumapili, 11 Julai

Wazo limenijia kanisani, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Mungu anisamehe, sikusikia tena neno.

Wanatafuta udongo mzuri. Basi wasiuone! Nitapeleka viazi vibaya. Watakunja pua, wataandika kwamba Nkoaranga hakuna kitu, watakwenda kusumbua wengine.

Mchana nikapanda hadi shamba la juu kutafuta vibaya. Nimechimba mashina sita. Vyote vizima, vizito, ngozi laini kama shavu la mtoto. Mara ya kwanza maishani nimekasirikia viazi vyangu kwa kuwa vizuri.

Sijamwambia mtu. Hanna jirani yangu amepita akaniuliza nachimba nini Jumapili. Nikamwambia nimedondosha hirizi — mimi, mke wa mwalimu wa misheni!

Jumatatu, 12 Julai — Lemara

Nimefika kwa binamu Ruth, hapa Lemara, Arusha. Vumbi la basi limo mpaka kwenye meno.

Kabla ya kuja kwake nilipita sokoni. Nimemkuta mama mmoja wa Ngaramtoni, Nashipae, amekaa na magunia mawili. Nikamwambia nataka viazi. Akaanza kunichagulia vikubwa. Nikasema hapana mama, nipe vile unavyotupa. Vyenye madoa. Vinavyotoa maji machoni.

Akanitazama juu mpaka chini. Akaniuliza kama nina nguruwe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza huyo nguruwe amenikosea nini. Wanawake wote wa safu ile wakaangua kicheko, na mimi nikacheka ili nifanane nao. Akajaza kikapu bure, akasema mwaka huu shambani kwake vinanyauka vikiwa bado kijani, hajui ni jua au ni jicho la mtu.

Vyangu vizuri nimempa Ruth apike. Amekula akasema hajawahi kula viazi vitamu namna hii, udongo wenu ukoje huko? Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Ruth wa watu! Ameosha vyombo, akaenda kulala.

Jumanne, 13 Julai

Siku ya kwanza. Ukumbi umejaa. Wazungu wenye mashamba mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye mabenchi. Wanawake watatu tu. Thomasi ndiye mkalimani.

Mtaalamu wa kwanza ni Bwana Rudkin, wa Kenya. Mrefu, shingo nyekundu, ana fimbo ya kuonyeshea. Amesema muda mrefu mno. Lakini Thomasi! Mzungu anamwaga maneno kikapu kizima, Thomasi anatutolea kiganja. Mzungu akazungumza mpaka akanywa maji, Thomasi akasema: "Anasema mbegu nzuri ni muhimu." Hayo tu? Mengine umeyaweka wapi, mwanangu?

Halafu ramani ukutani. Mlima wetu! Bwana Rudkin akachukua penseli nyekundu akachora duara. Thomasi akatafsiri: sehemu za juu, za baridi, zisizo na ugonjwa, ndizo zinazotakiwa kwa mbegu. Zinazotakiwa! Na nani?

Nimesimama kwenye benchi nione. Duara limepita juu ya Nkoaranga, pale msitu unapoanzia. Pale pale Thomasi aliponyoosha miguu.

Sina shaka tena. Kikapu cha Nashipae nimekifunika vizuri. Kesho tutaonana.

Jumatano, 14 Julai

Nimeshinda. Nadhani nimeshinda.

Leo alizungumza mwanamke, Bibi Aldis, mtaalamu wa magonjwa. Mdogo, nywele fupi, viatu vya mwanamume. Hakusema sana. Aliita vikapu kimoja kimoja. Anakata kiazi, anakiminya, kisha anatumbukiza kipande kwenye glasi ya maji na kungoja. Maji yakibaki safi anaitikia kwa kichwa, anaita mwingine.

Ikafika zamu yangu. Thomasi akatangaza kwa majivuno: Nkoaranga! Kiazi kikakatwa — ndani kina mviringo wa kahawia. Akaminya, ute mweupe ukatoka. Kwenye glasi zikaanza kushuka nyuzi nyeupe, nyembamba, polepole, kama maziwa. Thomasi amenitazama kama nimemtemea mate.

Bibi Aldis akaniuliza, vimetoka shamba lako? Nikasema ndiyo. Shamba la juu? Ndiyo. Akaandika. Bwana Rudkin akaenda kwenye ramani akafuta duara lake kwa kifutio. Nimemwona kwa macho yangu akifuta! Nilitaka kupiga vigelegele.

Furaha yangu haikumaliza chai. Thomasi akaja na karatasi. Ugonjwa huu hauna dawa, unakaa udongoni na kwenye mbegu. Kwa hiyo viazi vyote vya mteremko wetu, kutoka mtoni hadi msituni, vitachimbwa na kuchomwa moto. Na mbegu zilizo darini pia. Miaka mitano mtu asipande kiazi.

Nikasema vyangu tu, Thomasi. Akasema vyote, Mama Mwalimu. Nyumba ishirini na tatu.

Ishirini na tatu. Sikuwa nimewafikiria hata mmoja.

Alhamisi, 15 Julai

Leo nilikwenda kusema. Kweli nilikwenda. Nimemngoja Thomasi nje ya ukumbi mpaka jua likanichoma utosi.

Nikaanza kwa kuzunguka. Lile duara jekundu, Thomasi, lilikuwa la nini? Akashusha pumzi. Akasema basi sasa limefutwa, hakuna haja ya siri. Walitaka wanawake wa juu walime mbegu safi wenyewe, waiuze chini kote mpaka Ngaramtoni. Ijengwe na ghala. Aliyependekeza jina langu ni yeye, Thomasi, kwa heshima ya mwalimu wake. Zilikuwa zinahitajika ekari nane za majaribio, kwa kuanzia.

Kwa kuanzia!

Maneno yakarudi tumboni. Labda anasema kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Lakini ekari nane za nani? Nani angelima, nani angeshika ufunguo wa ghala? Nikamuuliza kama kuna karatasi iliyoandikwa kwamba ardhi ni yetu. Akasema karatasi zitafuata. Zitafuata nini, zitafuata malori?

Na kuna Nashipae. Nikisema vilikotoka viazi, moto utakwenda kwake. Alinipa bure, tena akanichekesha.

Nimepanda basi bila kusema.

Jumamosi, 17 Julai

Mshili amesoma amri leo mbele ya ofisi ya ushirika wa kahawa. Wataanza Jumatatu, kwangu kwanza. Wanaume wamenuna, lakini viazi si kahawa, wakatawanyika. Wanawake walibaki.

Hanna hajalia. Afadhali angelia. Mume wake amelala hospitali mwezi wa pili, upepo umeangusha migomba yake, watoto watano wanakula viazi asubuhi, mchana na jioni. Amenishika mkono akasema haelewi. Viazi vyake ni vizima, amevitazama kimoja kimoja. Akaniuliza: wewe uliona ugonjwa huo kwa macho yako, Mama Mwalimu? Nikasema niliona. Si uongo. Niliona!

Sumari naye kaja jioni, anajikuna shingo. Anasema kama shamba halitapandwa viazi miaka mitano, basi yeye atatia kahawa, lisikae bure. Ameshazungumza na mshili. Alikuwa anatabasamu, yule mtu.

Kwa hiyo nimemwokoa nani?

Jumapili, 18 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma, na kweli kinauma.

Jumatatu, 19 Julai

Naandika hapa hapa shambani, daftari juu ya goti. Nieleze upesi.

Wamefika asubuhi. Bibi Aldis, Thomasi, askari wawili na madebe ya mafuta ya taa. Wanawake wote wa mteremko wamekuja, Hanna mbele na jembe lake. Bibi Aldis hakuruhusu moto. Kwanza anataka kuona ugonjwa umeenea mpaka wapi. Nilimwambia Thomasi amwambie asijisumbue! Hakumwambia, au alimwambia akakataa.

Alichimba shina la kwanza. Akakata kiazi, akaminya — kikavu. Glasi, maji ya mferejini. Tukangoja. Safi. Shina la pili, safi. Amechimba mashina kumi na mawili, pembe zote za shamba, kwa mikono yake mwenyewe, magoti yamejaa udongo. Glasi kumi na mbili zimepangwa kwenye ubao na maji yote unaweza kuyanywa.

Akanyanyuka akanitazama. Si kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya. Akasema na Thomasi, na Thomasi akaniuliza mbele ya watu wote: vile vya mkutanoni vilichimbwa wapi?

Nikajifanya nafunga kanga upya.

Thomasi akasema, Bibi anajua unaweza kuandika. Hataki kukuaibisha. Andika tu kwa mkono wako viazi vilikotoka, utie jina, na moto hautawashwa hapa. Wakanipa karatasi na penseli, nikaketi ukingoni, nikafungua daftari nipate pa kuegemeza. Wote wanadhani ninaandika hiyo karatasi. Penseli inakwenda, wao wanatulia. Karatasi bado haina neno.

Nikiandika Ngaramtoni, Hanna atalisha watoto wake, na Nashipae ataona madebe haya haya kwake. Lakini kwake ugonjwa upo kweli — au nasema hivyo nijifariji? Nikiandika kwangu, huu moto, na kahawa ya Sumari juu ya majivu.

Kuna gari limesimama chini. Watu wawili wanapanda. Mshili, na — shingo ile naijua. Bwana Rudkin.

Amefika. Anatazama glasi. Anainama, anaokota udongo wangu, anausugua kwa vidole, ananusa.

Hanna amechoka kungoja. Sasa anapiga kelele kwa Kiswahili ili Thomasi asikie: "Andika, Mama Mwalimu! Waandikie ukweli! Waambie hakuna udongo kama huu mlima mzima! Usiogope!" Na wanawake wote wanaitikia, ndiyo, hakuna, hakuna mlima mzima!

Nyamaza, Hanna. Nyamaza, mama.

Thomasi anatafsiri. Leo anatafsiri kila neno. Bwana Rudkin ametoa penseli yake nyekundu mfukoni.

Bibi Aldis amenyoosha mkono, anataka karatasi.