Kitenge Juu ya Ampli

Yaya Asukulu, uliyekuwa kama kaka mkubwa kwangu,

Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na katika mji mzima wa Baraka hakuna aliyebaki wa kuninyamazisha.

Siku ya maziko yako, kwaya ikiwa katika wimbo wa tatu, ampli yako ya kukuza sauti, ile ya lampu uliyoiunda kwa mikono yako, ilififia. Haikukatika ghafla, sauti ilipungua kidogo kidogo hadi ikaisha. Groupe, ile jenereta, ilikuwa bado inanguruma, na taa zilikuwa zinawaka. Mdogo wako akasimama kando ya jeneza: "Muliona? Mashine imefwata mwenye aliitengeneza. Kuko muntu alimukula, na tunamujua." Wote wakamgeukia mama Riziki, mke wako. Wiki haikuisha, wakamtoa nyumbani mwako. Sasa yuko Lweba kwa dada yake, na shuleni Riziki anaitwa mtoto wa mchawi.

Niliwatukana, unanijua. Niliandika kurasa nne juu ya watu wenye simu mfukoni na giza kichwani, nikazibandika mlangoni pa kanisa. Mchungaji alizisoma, akaingia zake ndani, na hilo sitalisamehe. Mdogo wako alinijibu kwa swali moja tu: "Basi, mwalimu, sema nini iliizimisha."



Nikaichukua ampli kwangu. Nilipima kama ulivyonionyesha: kwanza lampu zenyewe, kisha lehemu, kisha umeme unaozipasha moto. Kabla ya kile kidude chenye miguu mitatu kinachotuliza umeme, volti kumi. Baada yake, sita na nukta tatu, wala hazitikisiki. Siku tatu iliimba nyimbo za kwaya mezani kwangu bila kasoro. Yaya, niliichukia kwa uzima wake. Kila saa iliyoimba vizuri ilikuwa inamshtaki mke wako.

Jana, nikikunja nguo, nikakishika kitenge cha bluu nilichokuja nacho kilioni. Nikakaa chini.

Ulinifokea mara ngapi? "We mwalimu, usiifunike, inapumuaka kwa mugongo." Na siku ile, kwa heshima, tulipofunika kiti chako, nilitandaza kitenge changu juu ya ampli yako.

Jana niliifunika tena, kipimo cha volti kikiwa kimeshikizwa ndani. Kabla ya kidude, volti bado kumi. Baada yake, sita. Tano. Tatu. Lampu zikapoteza wekundu wao. Bati la kupoza, pale mgongoni, liliniunguza kidole. Kidude kile kikizidiwa na joto hujifunga ili kisiungue, ndivyo kilivyoundwa. Nilipoondoa kitenge, kikapoa, lampu zikawaka, na nyimbo zikarudi.

Hakuna aliyekula mtu. Aliyeizimisha ni mimi, yule wa kurasa nne, niliyetafuta ujinga katika kila kichwa isipokuwa changu.

Jumapili, ibada ikiisha, nitaiweka mbele yao pamoja na kitenge. Mdogo wako atasoma namba za kipimo kwa kinywa chake. Kisha nitataja aliyeifunika. Watacheka, na safari hii sitawajibu.

Halafu nitapanda piki hadi Lweba. Sijui kama shemeji atanifungulia. Asipofungua, nitasema yote nikiwa nje, kwa sauti ileile niliyotumia kuwatukana wengine, majirani wasikie.

Pumzika, yaya. Ampli iko wazi mezani, inapumua.

Mwalimu wako