Katoni ya Bolti Sita

Japuonj,

Naanza na jina hilohilo, Mwalimu kwa Kijaluo chetu, maana sikuwahi kukuita jina lingine hata mbele ya wateja wakubwa. Ni mimi Akoth, nyar Rangwe, binti wako wa Rangwe, uliyemfundisha kazi miaka sita hapa gereji yako ya Rongo. Tangu tukuzike kwenu upande wa Homa Bay imepita miezi mitatu, na miezi yote mitatu nimekwepa kukuandikia. Kuna jambo nililokudanganya ukiwa kitandani. Na kuna jambo nimelijua juu yako ambalo hukuwahi kuniambia. Yote mawili ni habari ya bolti.

Kwanza habari za huku. Jina lako bado liko ukutani, rangi tu ndiyo inababuka upande wa mvua. Koti lako la kazi liko kwenye msumari wake na hakuna anayeligusa. Mama watoto wako bado anapika chapati pale mbele. Anajikaza, lakini aliniambia wazi kwamba wateja wakihama, hii plot atamkodishia mwenye duka la mbolea, ambaye alikuja kuuliza hata kabla matanga hayajaisha. Sikumlaumu. Gereji bila wateja ni mabati tu.

Japuonj, wewe ulikuwa fundi. Acha niseme sasa, kwa sababu ukiwa hai ungeniambia niache domo nishike spana. Gereji tatu zilinicheka nilipoomba kufunzwa kazi. Wewe ulinitazama viganja, ukasema bolti haijui kama mkono ni wa msichana, ukanionyesha pa kuning'iniza mkoba. Watu husema ulikuwa na mkono mwepesi. Uongo mtupu! Ulikuwa polepole kuliko wote hapa mjini, na gari uliyofunga wewe haikurudi.

Kubadilisha pampu ya maji, kazi ambayo vijana wa barabarani wanaimaliza wakiongea na simu, wewe ulianza kwa kukata kipande cha katoni. Unachora umbo la pampu kwa biro, unatoboa kwa msumari kila mahali penye bolti, na kila bolti inayotoka kwenye injini inachomekwa kwenye tundu lake la katoni. Siku ya kwanza nilicheka. Nikauliza kwani si bolti zote ni moja, vichwa saizi moja, spana moja? Ukanilazia sita kiganjani, nne fupi na mbili ndefu, tofauti yake haifiki upana wa kidole. Ukasema, "Bolti ikilala nyumba si yake, lazima kitu kiharibike." Kisha ukageuka kimya, wewe mzee wa kanisa la Sabato, ukaniacha nimejishika mbavu.

Ndipo ukanieleza. Bolti ndefu kwenye tundu fupi inafika mwisho kabla kichwa hakijaibana pampu. Mkono unasikia imekaza, kumbe pampu imeachwa wazi na maji yatapita hapo. Bolti fupi kwenye tundu refu inashika meno machache ya juu ya tundu, na ukikaza tu, yanang'oka. Na bolti ikikataa, ulisema, usipigane nayo. Itoe uiulize ilitaka kukaa wapi.

Nilijua yote hayo, Japuonj. Nilijua.

Ile Ijumaa ya mwisho, wewe ukiwa umelazwa hospitali Homa Bay, Mwalimu Pamela wa shule ya msingi kule karibu na kwetu alileta ile gari yake nyeupe, pampu inavuja. Nilikupigia simu kukuambia, kisha nikaanza saa nane. Nilitaka kumaliza mapema nipande gari nije kukuona, na nilitaka kufunga kabla jua halijatua, maana hapa kwako hakuna spana iliyogusa injini Sabato ikishaingia. Nikasema katoni ya nini leo. Bolti zote sita nikazitupa kwenye kifuniko cha debe. Wakati wa kurudisha, moja ilikuwa ngumu. Nikailazimisha. Nyingine ililegea kidogo mwishoni, nikajiambia ni mafuta tu. Nikampa Mwalimu funguo, nikanawa mikono, nikakimbia.

Nilikukuta umeegemea mto, umekonda. Hukuniuliza habari za mji. Uliuliza, "Pampu ya Mwalimu imekaa? Ulichora katoni?"

Nikasema, "Nilichora, Japuonj."

Ukafumba macho ukiwa umeridhika. Jumatatu ukatuacha. Kwa hiyo kitu cha mwisho ulichosikia kutoka kwangu kuhusu kazi yetu kilikuwa uongo. Nilipokuwa nalia kaburini watu walidhani nakulilia wewe peke yako.

Mwezi uliopita gari ya Mwalimu ilirudi ikivutwa kwa kamba. Ilichemsha njiani kuelekea Rangwe, na alikuwa amebeba watoto wawili wa shule waliougua. Bahati aliuona mshale wa joto akasimama mapema. Alishuka akiwa amechoka, akaniambia kwa upole kwamba labda ni hizi spea bandia za siku hizi, fundi atafanya nini. Unaona alivyonifungulia mlango? Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia tu. Na wenye gari zao walikuwa wamekaa pale kwa Mama wakinywa chai, masikio yote kwangu. Nikikubali kosa mbele yao, si mimi tu nitakayeanguka. Jina ukutani ni lako.

Nikasema ngoja nifungue kwanza. Nikafungua, na ikawa vile nilivyoogopa. Ndefu ilikuwa kwenye nyumba ya fupi, imegota chini. Fupi ilikuwa kwenye nyumba ya ndefu, na meno ya juu yametoka nayo kama unga. Pampu yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Nikaenda kwa Mama kuomba maji ya kunawa ili nipate dakika ya kufikiri. Nikamkuta anachana katoni kuukuu anawashia jiko. Alikuwa amezipata nyuma ya kabati lako, rundo zima, akadhani ni takataka. Mbili zilikuwa zimeshaungua. Nikaichomoa ya tatu kutoka mkononi mwake, naye akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Ilikuwa mchoro wa pampu, wino umefifia. Kando ya tundu moja, kwa mwandiko wako unaolala kulia, uliandika: "Hapa nilikimbizana na Sabato. Bloku ya injini ilipasuka. Nilimwambia mwenye gari."

Nikaketi chini. Nikasoma nyingine, na nyingine. Japuonj, hizo hazikuwa katoni za kazi ulizozipatia. Hizo ulikuwa unazitupa jioni, mimi mwenyewe nilizifagia. Ulizoziweka ni zile ulizokosea. Miaka yote nilidhani ulizaliwa na mkono usiokosea. Kumbe ulikosea kama mimi, Ijumaa kama yangu, tofauti ni kwamba ulisema. Sijawahi kukuheshimu kama dakika ile, nimekaa majivuni na chapati inaungua.

Nikatoka. Nikamwambia Mwalimu mbele ya wote, "Si spea. Ni mimi. Nilichanganya bolti kwa haraka."

Mwanamume mmoja akaweka kikombe chini, akaenda zake na gari yake, na mpaka leo hajarudi. Mwalimu aliitazama pampu, akanitazama mimi. Kisha akavuta kile kiti chako cha plastiki, akakaa. "Funga basi," akasema. "Mimi nipo hapa."

Nikachora katoni. Nikasafisha matundu, nikaweka gasketi mpya, nikarudisha kila bolti kwake. Ile ndefu ilipita meno niliyoyaua, ikayakuta ya ndani mazima, ikashika. Gari ile inakwenda mpaka leo, na wiki jana Mwalimu alimtuma kwangu mwalimu mwenzake. Mama hajamjibu mtu wa mbolea. Anasema acha huyo angoje kwanza.

Mos, Japuonj. Nisamehe kwa ule uongo. Katoni zako zilizobaki nimezipigilia ukutani, chini ya jina lako, na yangu nimeiongeza mwishoni. Kando ya tundu la kushoto nimeandika: "Hapa Akoth alikimbia, kisha akamdanganya fundi wake." Kila atakayekuja kufunzwa kazi kwangu ataisoma hiyo kabla ya kushika spana. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Pumzika sasa. Leo ni Ijumaa, na kuna pampu moja sijaimaliza. Bolti zake zote ziko kwenye katoni, kila moja nyumbani kwake. Jua linatua, nami nimeifunika injini. Mwenye gari amenung'unika kidogo, nikamwambia arudi Jumapili.

Akoth wako