Aliyeomba Mpira Si Yeye

Barking, London
Jumatano, mchana

Dada yangu mpendwa Nasimiyu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote mlioamka salama hapo Kitale. Mama anaendeleaje na macho yake? Yale matone niliyotuma yamefika, ama bado yanazunguka njiani? Na Shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili unaenda. Baridi imeanza kuuma na viatu vyangu vya kazi vinaingiza maji, lakini ni mzima. Ukiniuliza kuhusu moyo ndipo tutakaa kitako.

Najua umeninunia. Umepiga simu hata umechoka, umenitumia sauti ndefu ndefu kwenye wasap, nami nakujibu kwa kidole gumba kama mtu asiye na adabu. Si kiburi, dada. Kwa simu ungenikatiza. Ungeanza kunitetea, nami ningekuacha unitetee, kama nilivyofanya juzi. Ndiyo maana nimetafuta karatasi. Kaa uisome mpaka mwisho kabla hujasema lolote.

Nakumbuka ulivyocheka ulipouona mchezo wa Wekesa mara ya kwanza kwenye simu ya Shemeji. Ukauliza, "Sasa hawa wanacheza saa ngapi, mbona kila nikiangalia wamesimama?" Kweli ni mchezo wa ajabu. Wanauita mpira wa miguu na mguu wenyewe hauugusi mpira ila mara moja moja. Kazi ya mwanangu pale ni moja tu. Anapewa mpira, anaukumbatia kifuani, anakimbia kuingia katikati ya wanaume wenye miili kama milango ambao kazi yao ni kumwangusha. Anaanguka, anaamka, anarudi, anapewa tena. Karibu kila mbio zake huishia chini ya mtu.

Misimu miwili ya kwanza huko Amerika timu yake ilimtumia bila huruma. Akinipigia Jumatatu yuko chali kitandani, barafu kila mahali. Aliwahi kuniambia, akicheka, kwamba Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja hayakubali kushuka mbele. Mimi nami nikacheka. Nikaenda kanisani nikawaonyesha watu picha za gazeti.

Mwaka huu akaja kocha mpya. Mtu mpole, ana kipara, anaongea polepole. Alimwita Wekesa ofisini akamwambia kwamba akiendelea kubebeshwa hivi, miguu yake itaisha kabla ya miaka yake. Akampangia utaratibu: mechi moja asibebe mpira zaidi ya mara kumi na tano, Jumatano asifanye mazoezi kabisa, na kijana mwingine apokezane naye. Wakamvisha na fulana yenye kidude kinachopima mwili umefanya kazi kiasi gani. Huyo mtu, dada, ndiye unayemlaani kila asubuhi ukiamka.

Basi Oktoba timu ikaja huku London kwa majuma mawili, mechi mbili, Jumapili mbili mfululizo. Unajua mwenyewe nilivyotangaza. Mchungaji alisogeza ibada mapema. Tulijaza mabasi mawili madogo, akina mama wa Kenya, Wakongo, hata yule mzee wa Kitanzania asiyependa kitu. Mama Furaha, Mkongo rafiki yangu tunayefanya naye kazi, alishona jina la Wekesa mgongoni mwa koti lake. Kipindi cha kwanza mtoto alibeba mara chache, akakimbia vizuri, tukapiga vigelegele mpaka Wazungu wa kiti cha mbele wakageuka. Kipindi cha pili wakamweka pembeni. Amesimama tu, kofia kichwani, mikono kiunoni, na yule mwingine anakimbia.

"Mama Wekesa, kwani mtoto ni mgonjwa?" mmoja akauliza.

"Juu ya nini banamukalisha mutoto?" Mama Furaha naye akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili.

Nilisema ni mbinu ya mchezo. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Dada, niliona aibu. Nakwambia ukweli wake, niliona aibu kana kwamba mwanangu amekamatwa akiiba.

Baada ya mechi jamaa wa wachezaji tulipewa chumba cha kunywa chai. Akanijia mama mmoja wa timu, mtaalamu wa viungo, akiwa na kompyuta ya mkononi. Akanionyesha mistari ya kupanda na kushuka. Kila pigo linarekodiwa, akasema, na mwili una kiasi chake, kwa hiyo wao wanayagawa mapigo hayo msimu mzima badala ya kuyamaliza mwanzoni. Alisema kisigino cha kushoto kimeanza kukaza na wanakiangalia. "Tunampumzisha," akasema. Nilimwitikia kwa kichwa, yes, yes, thank you, kama ninavyowaitikia mameneja wangu. Moyoni nilisikia kitu kingine kabisa.

Maana hapa, katika kazi yetu hii ya kuwahudumia wazee kupitia wakala, hakuna anayekwambia umefutwa. Wanakupunguzia saa. Juma hili siku tano, lijalo tatu, kisha moja, na yule msichana wa ofisini anakwambia kwa sauti ya asali kwamba wanataka upumzike kidogo. Nimeona wanawake wakipumzishwa hivyo mpaka wakahamia kwenye sofa za watu. Neno hilo likitoka kinywani mwa bosi, mimi huanza kuhesabu kodi ya nyumba. Kwa hiyo nilipomwona mwanangu amesimama pembeni, na kijana mwingine amepewa kazi yake, sikuhitaji kompyuta ya mtu. Nilijua wanamwondoa.

Jumanne wachezaji walipewa siku huru, akaja nyumbani. Nilimsongea ugali, nikampikia kuku na mchicha. Alikula kama zamani, ameinamia sahani. Unajua yeye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

Nikamwambia, "Wekesa, wanakupunguzia saa."

Akacheka. "Mum, this is not the agency."

"Mabosi ni walewale."

Akanieleza tena yale ya fulana na mistari. Akasema kisigino kinamuuma asubuhi, si sana, na kwamba mara ya kwanza tangu aanze kucheza anaamka Jumatatu na kutembea kama mtu. Alisema hivyo, dada. Alikuwa anafurahi. Na mimi, mama yake niliyemzaa, nikamwambia hivi: "Miaka kumi na tisa nawanyanyua watu wazima kutoka vitandani, na mgongo huu. Sijawahi kumwambia mgonjwa hata mmoja kwamba leo nimefikisha idadi yangu. Wewe unapewa mpira mara kumi na tano unachoka, na kanisa zima limekuja kukuangalia ukiwa umesimama kama mlinzi."

Akaacha kula. Kisha akaniuliza taratibu, "What do you want me to tell them?"

"Waambie uko sawa. Waambie wakupe mpira."

"Okay, Mum."

Akaosha sahani yake, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka kuwahi treni. Nami nikajiona mama hodari aliyemwamsha mtoto usingizini.

Jumapili ya pili alibeba. Alianza kubeba tangu mwanzo, na wakazidi kumpa, kwa sababu alikuwa moto siku hiyo, anapenya pale ambapo hata mkono usingepita. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti. Kumi na tano ilipofika nilisimama juu ya kiti. Kumi na sita! Kumi na saba! Akina mama wananipigia makofi, Mama Furaha anacheza na koti lake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile hapa Uingereza, nasema bila kuficha.

Ya ishirini na tatu hakuna aliyemgusa. Alipokea mpira, akapiga hatua mbili, akaanguka peke yake. Aligeuka kuangalia nyuma, kama mtu aliyepigwa teke, na nyuma hakukuwa na mtu. Mpira hakuuachilia. Waliomjia ilibidi wautoe mikononi mwake.

Ilikuwa ile kano ya nyuma ya kisigino, cha kushoto. Ilikatika kabisa. Walimpasua hapa hapa London. Nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali, kocha akaja, bado amevaa koti la timu. Alichuchumaa mbele yangu, mtu mzima yule, akanishika mikono yote miwili. Akasema Wekesa alimfuata ofisini siku ya Ijumaa, akamwambia yuko fiti, kisigino kimepona, akamwomba sana ampe mpira mbele ya watu wa nyumbani. "I should have said no to him," akaniambia. Macho yalikuwa mekundu. Akaniomba radhi.

Nami nikaipokea. Nilimpapasa bega nikamwambia, it's okay, it's okay. Nilikaa pale nikapokea radhi ya mtu asiye na kosa, nikamruhusu aondoke na kosa langu.

Yaliyofuata unayajua. Timu ilirudi kwao. Baada ya majuma machache wakaachana naye, wakamtakia kila la heri kwa barua nzuri yenye nembo. Kwa hiyo usidhani nimewageuza malaika. Ile timu ilimtupa haraka kuliko wakala wangu anavyomtupa mama mwenye mgongo mbovu. Mabosi ni walewale, hilo sikukosea. Lakini kulikuwa na mtu mmoja miongoni mwao aliyesimama katikati ya mwanangu na ile kazi, akasema basi, inatosha, na mimi ndiye niliyemzunguka mtu huyo. Bado anampigia Wekesa kila Jumatatu kumuuliza mguu.

Sasa yuko kwangu. Mguu uko kwenye kiatu kikubwa cha plastiki, magongo yako mlangoni. Daktari anasema kutembea atatembea, kukimbia labda, kukimbia vile hasemi. Ana miaka ishirini na tano. Waandishi walipomuuliza alisema kwamba aliomba mpira mwenyewe. Mchungaji alimuuliza, akajibu hivyo hivyo. Hajanitaja kwa mtu yeyote. Mpaka leo hata mimi hajaniambia kwamba ni maneno yangu yaliyomtuma.

Halafu juzi ukapiga, utakumbuka. Nilikuwa napika, simu iko mezani, nimeweka spika. Ulimlaani yule kocha na kizazi chake, ukaomba miguu yake ikauke kama alivyoikausha ya mtoto wetu, ukasema, "Sema Amina, mdogo wangu." Wekesa alikuwa kwenye sofa. Alisikia kila neno. Akainua uso akaniangalia, wala si kwa hasira, aliniangalia tu akingoja. Nilikuwa na nafasi yote duniani ya kusema.

Nikasema Amina.

Akachukua magongo yake, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Tangu siku hiyo ananijibu kwa heshima. Nikimuuliza chakula, yes please. Nikimuuliza mguu, it's fine, thank you. Kama anavyojibiwa nesi. Dada, afadhali angenitukana.

Basi nakuomba uache kumlaani yule mtu. Kama ni lazima mtu alaaniwe, unalo jina langu na unajua nilipozaliwa. Wewe ndiye mama mkubwa wake, una haki ya kukasirika, na safari hii sitakukatiza. Jumapili kanisani nitasimama niseme. Nimekwisha mwomba mchungaji dakika tano, hajui za nini.

Nisalimie Mama, na kwa macho yake yale, msomee barua hii yote, usiruke pale pa ugali. Msalimie Shemeji, mwambie picha za gazeti alizobandika sebuleni asizitoe, mtoto alizikimbilia kweli. Wasalimie binti zako wote wawili. Mwalimu Simiyu, jirani yetu aliyemfundisha Wekesa kuhesabu kwa Kiswahili ile likizo aliyokuja, mpe salamu zangu za pekee.

Ni mimi mdogo wako,
Nekesa

Dada, nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nimeikunjua. Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda, kwa hiyo niligonga mlango wake nikamsomea mwenyewe, nimesimama, tangu mwanzo mpaka salamu. Alinisikiliza akiangalia dirishani. Nakiri nilikuwa nangoja aseme si kosa langu. Hakusema. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili, kile chake cha kukatika katika, "Posta inafunga saa ngapi?"