Ng'ombe wa Mahari ya Apio

Kamwokya, Kampala
24 Machi 1975

Mdogo wangu Wanjala,

Jumanne ya tarehe 11 mwezi huu, saa tatu asubuhi, nilimpoteza Nanjala kwa ugonjwa wa kiwele, ng'ombe aliyenijengea nyumba hii. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe. Sasa pokea salamu. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haikai. Natumaini wewe na mkeo Apio hamjambo, na kazi ya reli huko Tororo haikuchoshi.

Desemba nilikuwa nakamua lita thelathini na moja kwa siku. Jana nilipata tisa, na nne kati ya hizo zilikuwa na mabonge, nikazimwaga. Nilikuja mji huu na ndama mmoja na ndoo mbili, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo sikukubali kuwa kosa ni langu; nilitafuta wa kumlaumu, nikakupata wewe. Zile tyubu arobaini za penisilini ulizoninunulia za kutibu viwele, nilisema ni za magendo, zimejazwa unga. Wiki mbili nzima nilikusema kwa majirani.

Kasoro aliiona kwanza Rosalba, mke wa Sajini Obwona. Wake wa askari ninaowauzia maziwa kambini walikuwa wakinisifu kwamba maziwa yangu hayaharibiki upesi, nami nikavimba kichwa nikasema ni usafi. Halafu Rosalba akataka kugandisha bongo, yale maziwa ya mgando, kwa ajili ya wageni wa mumewe. Siku tatu, maziwa yakabaki maji vilevile. Akaja mlangoni akiuliza, "We mama, unatukamulia ng'ombe ao bomba?" Majirani walicheka. Sajini hakucheka. Alisema mtu anayechezea chakula cha jeshi siku hizi huitwa mhujumu, na wanaoitwa hivyo hawarudi nyumbani. Tangu hapo gari likisimama nje, mikono yangu inaachia chuchu yenyewe.

Ndipo nikapeleka maziwa ya Nanjala kwa Daktari Ongom wa maabara ya mifugo, pamoja na tyubu yako moja, aniandikie ushahidi wa wizi wako. Baada ya siku mbili akanionyesha visahani viwili vya kioo alivyootesha vijidudu, katikati ya kila kimoja ameweka kikaratasi chenye dawa yako. Penye vijidudu vyake vya maabara, kikaratasi kilizungukwa na duara safi, upana wa shilingi: dawa ni nzima. Penye vijidudu vya Nanjala, vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi, havina habari. Akaniuliza nafutia viwele kwa vitambaa vingapi. Kimoja, nikasema, nakifua kila siku. Akasema basi nimewavika ng'ombe wanne shati moja la mgonjwa.

Akauliza na tyubu. Wewe uliniandikia sita kwa kila chuchu, asubuhi na jioni, siku tatu, na maziwa nimwage mpaka siku ya sita. Nilitia mbili. Uvimbe ukipungua naacha, ukirudi natia tena mbili. Vijidudu dhaifu vilikufa, vile vikorofi nikavifuga mwenyewe. Na maziwa sikumwaga, niliuza. Hayakuganda kwa sababu yalikuwa na dawa, nayo huua hata vijidudu vya kugandisha. Hukuniibia, Wanjala.

Lakini silo linalonikosesha utulivu. Yule ng'ombe mwekundu niliyekupa Februari ukamilishe mahari kwa baba yake Apio: nilipompandisha lori, chuchu yake ya nyuma kushoto ilikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa. Niliupapasa, nikanyamaza. Siku ilikuwa imeshapangwa, na sikutaka mkweo aone nimeshindwa.

Mkweo ana ng'ombe kumi na saba. Huyo mwekundu atengwe, akamuliwe wa mwisho, mikono ioshwe kwa sabuni, kila ng'ombe na kitambaa chake, watoto wasinywe maziwa mabichi. Asitiwe penisilini, vijidudu vyake havitaisikia. Daktari ayapime maziwa yake kwanza. Sema kosa ni langu. Nitaleta mtamba wangu ambaye hajazaa, achukue nafasi yake, ili Apio asirudishwe kwao.

Msalimie sana Apio, na wote wanaoniulizia. Halafu unijibu moja, bila "tutaona": yule ng'ombe anakamuliwa pamoja na wa mkweo, ndiyo au hapana? Mpe Emile, fundi wa treni, karatasi inifikie Jumamosi tarehe 5 Aprili. Ikikosekana, Jumapili niko mlangoni kwa mkweo na mtamba wangu, nimwambie mwenyewe.

Dada yako,
Loice