Tufe la Pini ya Mwisho

Fundi Ramadhani, Mzee wangu,

Arobaini yako ilisomwa juzi Alhamisi. Pilau iliwatosha watu wote wa Majengo, na hata wale wachinjaji uliokuwa ukigombana nao kila siku kuhusu nzi walikuja, wakala, wakainamisha vichwa. Mimi Mkristo wako nilikaa mlangoni na wazee, kama ulivyokuwa ukiniketisha siku zote. Sasa nimekaa kwenye kigoda chako ninaandika. Usinikaripie. Kimelegea mguu mmoja na sijapata moyo wa kukigongea msumari.

Huku mambo yanabadilika polepole. Nilikwenda kwetu Kanyakine wiki iliyopita na nilisimamishwa na askari mara moja tu. Lile handaki wanakijiji walilochimbishwa kuzunguka kijiji limeanza kujifukia, na mama amepanda nduma mle ndani. Alinicheka nilipoogopa kuvuka. Lakini sikuandikii ili nikupe habari. Kuna jambo nililokuficha tangu mwaka ule wa mchujo, walipokuwa wakitukamata na kutuchambua, na nilifikiri umekwenda nalo kaburini bila kulijua. Jana mjane wako, Mama Asha, alinipa kitu, ndiyo maana ninaandika.

Unakumbuka walivyonichukua. Nilitoka kununua gundi tu. Askari akapaza sauti, "Wewe! Toa kipande!" Kipande, ile karatasi ya kuruhusiwa kutembea, nilikuwa nacho; muhuri wa mwezi ule ndio uliokosekana. Nyinyi Waislamu wa Majengo, wakati huo wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, askari walikuwa wakiwapita mara nyingi. Sisi Wameru na Waembu tulipangwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, macho yakionekana kwenye matundu mawili. Akinyamaza, unakwenda zako. Akiitikia kwa kichwa, basi wewe umekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Mbele yangu aliitikia. Sikuwa nimekula kiapo chochote, Mzee, na mpaka leo sijui macho yale yalikuwa ya nani.

Siku yangu ya nne kambini ukaja kwenye seng'enge umevaa kanzu yako ya Idi. Nilidhani umekuja kuniaga. Kumbe ulikuwa umeshaongea na Bwana Mkubwa wa kambi, na ulikuwa unajua kitu ambacho sisi mle ndani hatukukijua. Bwana yule alikuwa akishindwa mchezo, na kushindwa kulimkosesha raha.

Ile njia ndefu ya mbao pale klabu ya Wazungu tuliisugua sisi. Pini tisa za mbao zinasimama mwisho wake, mtu anabingirisha tufe mara mbili: la kwanza liangushe nyingi, la pili limalize zilizobaki. Na matufe yote pale tuliyakereza sisi, wewe na patasi, mimi nikizungusha gurudumu la mashine. Bwana Mkubwa alitupa mara zote mbili kwa tufe lile lile zito, linalopinda likifika katikati. Kwa kuvunja kundi lilikuwa zuri sana. Lakini ikibaki pini moja ya pembeni, linaipita kando kama halijaiona. Ulipenda kumwigiza tukiwa peke yetu: "Fundi, hii mpira nakwenda kushoto tu! Ile moja nabaki, mimi napiga hapana!"

Ukamwambia (ulinisimulia mwenyewe, mara ngapi sijui), "Tufe la kwanza liwe na tabia zake, Bwana. La pili lisiwe na tabia yoyote. Nitakutengenezea. Lakini mtu wangu wa gurudumu mmemfunga."

Ndivyo nilivyotoka. Nilipewa karatasi ya ruhusa mpaka Jumamosi, siku ambayo Wazungu wa Embu wangekuja kushindana. Bwana akimaliza pini zake, atanisainia cheti cha kuachiliwa. Asipomaliza, Jumatatu napanda lori la kambi za mbali. Wenzangu walinitazama nikitoka. Wengine sikuwaona tena. Hilo nalo ninalibeba, na sina pa kulitua.

Tulikereza matufe matatu ya mzeituni wa mwituni, mbao iliyokauka darini kwako tangu mimi sijaja. Ulimpima Bwana kiganja kwa uzi, ukayafanya madogo kuliko lile lake la kwanza, kwa sababu ulisema la kumalizia halihitaji nguvu, linahitaji utiifu. Moja likapasuka. Yakabaki mawili, yamefanana kwa ukubwa na uzito.

Zamani ulikuwa ukiyajaribu kwenye karai la maji ya chumvi. Uliponifundisha nilicheka, nikadhani tunapika. Chumvi nyingi mpaka tufe lielee, kisha unalizungusha na kungoja litulie. Unaweka alama ya penseli pale juu, unazungusha tena. Alama ikirudi juu kila mara, tufe lina upande mzito na litapinda njiani. Alama ikitangatanga, hilo ndilo la pini ya mwisho. Lakini mwaka ule macho yako yalikuwa yameingia ukungu, alama ya penseli huioni, na hukutaka mtu ajue. Ukawa unapima kwa kiganja na kwa kugonga kwa kucha. "Mkono wangu ndio karai langu," ulisema. Ukachagua moja, ukapasha moto ule msumari wako wa kuchomea alama na kulichoma nukta yako ndogo. Ukalifunga kwenye kitambaa. Hiyo ilikuwa Ijumaa, na ukaenda msikitini.

Mzee, nilikuwa na hofu. Nilikuwa na hofu mpaka meno yakagongana mchana wa jua. Hukuwa umefika mtaa wa pili nikaingia jikoni kwa Mama Asha, nikachota chumvi nusu bakuli, nikajaza karai. Tufe lako nikalizungusha. Alama ikarudi juu. Nikazungusha tena, ikarudi. Mara tano ilirudi. Lile ulilolikataa nikalitia, alama ikaenda huku, ikaenda kule, haikupata makao.

Ningekungoja, nikakuambia. Mtu mwenye adabu angengoja. Lakini ningesema nini? Kwamba umekuwa kipofu? Nilichukua msumari wako, nikaupasha moto, nikachoma nukta yako kwenye tufe nililolichagua mimi. Nikalifunga kwenye kitambaa chako. Lile lako nikalifuta penseli, nikalizika chini kabisa kwenye gunia la maranda. Uliporudi ukasema, "Mbona chumvi inanukia humu?" Nikakuambia ni jasho langu. Ukacheka.

Jumamosi sitaisahau hata nikizeeka. Bwana Mkubwa alifika zamu yake ya mwisho, akavunja kundi vizuri, na ikabaki moja, ya pembeni kulia kabisa. Wale wa Embu walikuwa wakichekea kwenye glasi zao. Askari aliyenileta alikuwa nyuma yangu, nikisikia mkanda wake unavyolia. Bwana akanyoosha mkono kwako. Ukafungua kitambaa, na hapo ukasita.

Ulilizungusha mara mbili kwenye viganja. Kidole gumba kikatafuta nukta, kikaipata, kikatulia juu yake. Nikajua nimekwisha. Nikajua mkono ule hauwezi kudanganyika, na kwamba mbele ya Wazungu wote utauliza ni nani kabadilisha. Ukageuza uso kwangu, macho yako yale yenye ukungu, ukasema taratibu, "Mwiti, hili ndilo?"

Nikasema, "Ndilo, Mzee."

Ukampa. Ukamwambia, "Bwana, ni hili." Likaondoka mkononi mwake, likaenda moja kwa moja kwenye ubao wa pembeni kabisa, halikupinda popote, na ile pini ikaruka. Cheti changu kilisainiwa juu ya meza yenye maji ya bia, na doa lake bado liko.

Miaka yote iliyofuata ulijisifu Majengo nzima. Kwenye kahawa, kwenye kinyozi: "Tufe lile nililichagua kwa mkono huu!" Nami nilikuwa naangalia viatu vyangu. Wiki ile ile ulianza kuniambia, "Leo chagua wewe, mimi nimechoka." Nikaamini umechoka. Ulichoka miaka mitatu mfululizo, na mimi nikaamini! Gunia la maranda nalo lilitoweka. Nikadhani Mama Asha amewashia moto.

Jana akaniita. Akaniambia, "Mzee aliniambia hiki nikupe arobaini ikipita. Akasema wewe mwenyewe utajua." Kilikuwa kitambaa kile kile. Ndani yake kulikuwa na tufe ulilolichagua wewe, lenye nukta yako, na chumvi imekauka juu yake kwa mabaka meupe. Kumbe baadaye ulilichimbua kwenye maranda, ukaliweka majini. Pale juu, kwenye upande mwepesi, hukuweka penseli, kwa kuwa penseli usingeiona. Ulikwaruza kwa kisu mara tano, mikwaruzo ikakaa mahali pamoja, ili kidole chako kiisome. Na kando yake kulikuwa na msumari wako wa kuchomea.

Nililia, Mzee. Nililia pale jikoni, Mama Asha akaendelea kuchambua mchele asiniaibishe.

Ulijua. Siku ile kiganja chako kilijua kwamba hili silo, na kwamba nukta imeghushiwa, na ukampa yule Mzungu maisha yangu kwa neno langu tupu. Kisha ukajisifu miaka yote ili pasiwe na mtu wa kuniuliza. Ningekuomba msamaha ukiwa hai, ungenifukuza na randa mkononi, najua. Basi nakuomba sasa, ambapo huwezi kunifukuza.

Asubuhi ya leo nimemweleza Mama Asha yote, pamoja na ile chumvi yake. Amesema chumvi alijua.

Lala salama, Fundi wangu. Kigoda nitakigongea kesho. Msumari wako nitautumia, lakini nakuahidi hakuna tufe litakalotoka humu bila kuelea kwanza, hata mkono wangu ukijivuna namna gani. Na siku macho yangu nayo yakiingia ukungu, mtu akinibadilishia kazi yangu kwa siri, nitauliza mara moja tu kama ulivyouliza wewe, kisha nitalipokea jibu lake.

Wako wa gurudumu,
Mwiti